Nyuso za Watu Si Mpira wa Kuvutwa

Si mara moja, sikukuu ya mwezi wa Desemba inapofika, tumeonyeshwa katika televisheni picha za sherehe za Uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961, na kila aliye na macho ameona ajabu. Viongozi waliokuwa wembamba siku zile wamenenepa ghafla. Magurudumu ya magari yamekuwa kama mayai yaliyolazwa. Watoto wetu, ambao hawakuwapo, hudhani kwamba ndivyo watu wale walivyokuwa.

Sivyo hata kidogo. Picha zile zimevutwa, na aliyezivuta ni mhariri wa picha, ama kwa haraka, ama kwa kutojua.

Sababu yenyewe si ngumu kueleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, katika karakana ya Thomas Edison huko Marekani, William Dickson aliipa picha ya sinema umbo la sehemu nne za upana kwa sehemu tatu za kimo, yaani 4:3. Filamu za habari zilifuata umbo hilo au lililo karibu nalo, na televisheni ilipokuja ikalirithi. Lakini televisheni za leo zina umbo la 16:9, na picha ya kale ikiwekwa humo haienei. Hapo mhariri ana njia tatu. Aiache kama ilivyo, pande mbili zibaki nyeusi. Aikuze mpaka ienee kwa upana, apoteze robo nzima ya kimo chake. Au aivute kwa upana tu, kila mtu aongezewe theluthi ya mwili asiyokuwa nayo. Njia ya tatu ndiyo ipendwayo, kwa kuwa haihitaji kufikiri: kitufe kimoja chatosha.

Sisi twasema njia hiyo ni uongo. Mhariri wa gazeti akiongeza maneno katika hotuba ya mtu, twamwita mwongo bila kusita. Kwa nini basi anayeongeza mashavu katika uso wa mtu tumwite fundi?

Wako watakaosema: kama kuvuta ni kubaya, basi tukate. Na hao wasikie yaliyotokea Marekani. Katuni ya The Simpsons ilichorwa kwa miaka mingi katika umbo la 4:3. Ilipowekwa katika huduma ya Disney+ mwezi wa Novemba 2019, vipindi hivyo vilikuwa vimekatwa ili vienee katika kioo kipana. Kimoja chaonyesha kiwanda cha bia chenye matangi ya bia tatu za majina mbalimbali, na juu yake bomba moja linaloyajaza yote matatu. Kichekesho chote kilikuwa katika bomba lile, nalo ndilo lililokatwa! Mtazamaji akaona bia tatu za haki, asijue kwamba anauziwa kitu kimoja kwa majina matatu. Watu walilalamika, na mwezi wa Mei 2020 umbo la asili likarudishwa. Kama mkato ulificha ukweli katika katuni, itakuwaje katika picha ya mkutano, ambamo bango lililo juu ya vichwa vya watu ndilo lenye habari?

Walakini haki itendeke: si kila kosa ni la uvivu. Mitambo yenyewe ina mitego. Picha ya kidijiti katika mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania, Kenya na Uingereza, huwa na pikseli 720 kwa 576. Ukizihesabu kana kwamba ni za mraba, utapata umbo la 5:4, na watu watakonda kwa kadiri ya sita katika mia. Pikseli hizo si za mraba. Tena hesabu ileile ya 720 kwa 576 ilitumika kwa picha za 4:3 na kwa picha pana za 16:9, hivyo namba peke yake haikuambii neno. Na kamera za HDV hurekodi pikseli 1440 kwa 1080, ilhali picha yake yapaswa kuonekana kama 1920 kwa 1080. Programu isipoambiwa, bibi harusi hutoka mrefu na mwembamba kama mwanzi.

Basi fundi aanze kwa kutafuta duara: saa ya ukutani, mpira, au gurudumu linalotazamwa usoni wala si kwa ubavu. Likiwa yai lililolala, picha imevutwa. Likiwa yai lililosimama, imebanwa. Akiisha kujua, aieleze programu umbo la kweli la pikseli kabla hajaanza kukata na kuunga. Mara nyingi kosa limo katika maelezo ya faili tu, nayo yaweza kusahihishwa bila kuigusa picha yenyewe, isipungue ubora hata chembe.

Kama mvuto umekwisha kuingia katika picha, dawa ni kupunguza upana mpaka asilimia 75 na kuacha kimo kilivyo. Picha ya 1920 itakuwa 1440, na kila upande utabaki weusi wa pikseli 240. Tunasisitiza upana kwa sababu katika kanda nyingi za zamani kila picha imesukwa kwa mafungu mawili ya mistari yaliyonaswa kwa nyakati mbili. Anayebadili kimo kabla ya kuyatengua mafungu hayo huyachanganya, na kila kinachotembea hutoka na meno kama ya kitana.

Tunajua mteja wa harusi atanung'unika kwamba amenunua televisheni kubwa, mbona pembeni kuna giza. Aelezwe kwa heshima kwamba giza lile halikumnyima kitu. Mama yake aonekana kama alivyokuwa. Wengine huijaza nafasi ile kwa picha ileile iliyofifishwa, hasa video iliyopigwa kwa simu iliyosimamishwa, ambayo huchukua chini ya theluthi ya kioo. Yachosha macho, lakini haidanganyi, nasi hatuna ugomvi nayo.

Ugomvi wetu mkubwa ni mwingine. Nakala iliyovutwa ikiisha kuwekwa katika kompyuta, kanda ya asili huonekana takataka, nayo hutupwa. Baada ya hapo nakala hunakiliwa tena, hukatwa juu na chini, na atakayetaka kuirudisha hana tena cha kulinganisha nacho. Kichwa kilichokatwa hakirudi kwa hesabu yoyote.

Kwa hiyo twawataka wakubwa wa studio na wa hifadhi za kumbukumbu wafanye mambo haya kabla ya Desemba nyingine: kila kanda na kila faili iandikwe umbo lake la asili, picha iliyovutwa irudishwe kwa fundi isirushwe hewani, na kanda ya asili isitupwe kwa amri ya mtu mmoja. Nanyi ndugu mlio katika vyumba vya kuhariri, mkiamriwa kujaza kioo, mwonyesheni mkubwa wenu gurudumu la gari lililo katika picha, kisha mwulizeni kama ameona gari la namna hiyo barabarani.