Maumivu ya Goti na Damu Iliyomo Mfupani

Mtu mzima aendaye hospitali kulalamikia goti aghalabu huambiwa kwamba gegedu limelika na kwamba hayo ni mambo ya umri. Maelezo hayo si ya uwongo, lakini yana upungufu mmoja mkubwa: gegedu halina mishipa ya fahamu. Kitu kisicho na hisia hakiwezi kuuma, hata kilike namna gani. Basi maumivu yamwamshayo mgonjwa usiku wa manane, hali amelala na mguu haukubeba mzigo wowote, yatoka wapi?

Sehemu ya jibu imo katika mfupa ulio chini ya gegedu. Gegedu la mtu mzima halina mishipa ya damu pia; hupata chakula chake kutoka katika ute wa kiungo na, kwa kiasi fulani, kutoka katika mfupa huo. Mfupa wenyewe, kinyume chake, umejaa damu. Ateri ndogondogo huileta hadi karibu na mpaka wa gegedu, na vena huirudisha. Njia ya kurudia inaposongwa, damu hutuama kama maji katika shamba ambalo mfereji wake wa kutolea umejaa matope. Shinikizo hupanda ndani ya mfupa usioweza kutanuka, damu mpya yenye oksijeni huingia kwa shida, na chembe hai za mfupa hudhoofika.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1970 Arnoldi na wenzake walitia sindano ndani ya mifupa ya wagonjwa wa nyonga na magoti, wakapima shinikizo, kisha wakaingiza dawa ionekanayo kwa eksirei ili waone damu ikiondoka. Kwa wale walioumia hata wakiwa wamepumzika, shinikizo lilikuwa kubwa na dawa ilikawia kutoka. Tena waliona kwamba mfupa wa paja wa mgonjwa wa nyonga ulipokatwa kwa upasuaji, shinikizo lilishuka papo hapo. Hakuna gegedu liwezalo kupona kwa kasi hiyo.

Kumtia kila mgonjwa sindano mfupani ni kazi nzito, na kwa miaka mingi gegedu peke yake liliendelea kutawala mawazo ya wengi. Mashine za MRI ndizo zilizourudisha mfupa mbele ya macho ya wataalamu. Mwaka 2001 David Felson na wenzake huko Marekani walichunguza watu ambao eksirei zao zilionyesha osteoathritisi ya goti. Kati ya walioumwa, karibu 78 kwa mia walikuwa na madoa katika uboho wa mfupa. Kati ya wasioumwa, 30 kwa mia tu. Eksirei huonyesha mwanya kati ya mifupa, haionyeshi damu. Kwa hiyo si ajabu watu wawili wenye picha zinazofanana, mmoja akawa analima na mwingine hapati usingizi.

Wale wasemao kwamba "mafuta ya goti yamekwisha" wamepotoka zaidi, kwani mara nyingi goti la namna hii huvimba kwa ute uliozidi.

Hata hivyo, wapo wanaokimbilia kusema kwamba kutuama kwa damu ndiyo asili ya ugonjwa wote, nao wamevuka mpaka wa ushahidi. Huenda mfupa unaoelemewa ndio unaoziba vena zake wenyewe. Huko Australia dawa ya zoledroniki, ipunguzayo kasi ya kumomonyoka kwa mfupa, ilijaribiwa kwa wagonjwa 223 wenye madoa hayo kwa muda wa miezi 24. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 hayakuonyesha kwamba iliokoa gegedu. Wengine wamelichukua hilo kuwa pigo kwa hoja nzima ya mfupa. Hukumu hiyo ni ya haraka mno: dawa ile haikukusudiwa kufungua njia ya damu, wala doa la uboho si kipimo cha mwendo wa damu. Jaribio litakaloamua jambo hili halina budi kuupima mwendo wenyewe, kabla ya tiba na baada yake, na kuandika ni wangapi waliolala usiku kucha bila kuamshwa na goti.