Mtoto anatolewa damu tena? Huenda ni kwa ajili ya masikio yake

Mtoto mchanga amelazwa kwa maambukizi kwenye damu, ameanzishiwa sindano za jentamaisini, na hali inatia moyo. Kisha muuguzi anarudi kutoa damu. Wazazi wengi hushtuka: kwani majibu ya kwanza yamepotea?

Hapana. Damu ya kwanza ilitafuta vijidudu. Hii ya sasa inapima dawa yenyewe: imebaki kiasi gani mwilini kabla ya dozi inayofuata?

Jentamaisini hutoka mwilini kupitia figo, na figo za mchanga, hasa njiti, hazijakomaa. Ndiyo maana wachanga wengi hupewa dozi moja kila baada ya saa 24, na baadhi ya njiti husubiri saa 36 au 48. Dozi ikiwa ndogo mno, vijidudu havifi. Dawa ikirundikana, inaweza kudhuru figo na masikio. Figo mara nyingi hupona. Chembe za usikivu zikifa, hazioti tena.

Njia moja ya kupima hutumia mwanga. Maabara huchanganya damu ya mtoto na kingamwili zinazoinasa dawa hii, pamoja na jentamaisini nyingine iliyotiwa rangi inayong'aa. Dawa hizo mbili hugombania nafasi. Ile ya rangi ikinaswa huzunguka polepole, ikikosa nafasi huzunguka haraka, na mwanga wake hubadilika. Kadiri inavyokosa nafasi, ndivyo dawa ilivyo nyingi katika damu ya mtoto. Miongozo mingi hutaka kiasi kinachobaki kabla ya dozi kiwe chini ya miligramu 2 kwa lita.

Lakini mashine haijui saa. Damu ikitolewa mapema mno, dawa itaonekana nyingi kuliko inavyopaswa, na daktari anaweza kuchelewesha dozi ambayo mtoto anaihitaji. Hapo mzazi ana kazi. Andika kwenye simu saa ya kila sindano. Dozi ikichelewa, au dawa ikivuja kwenye kanula, mwambie muuguzi kabla damu haijatolewa.

Jambo jingine: kama upande wa mama kuna ndugu aliyepoteza usikivu baada ya sindano za aina hii, sema mapema. Wapo wanaorithi kwa mama hali inayofanya masikio yadhurike hata kwa dozi ya kawaida.

Si kila hospitali ina kipimo hiki. Kama hakipo, uliza kwa upole: dozi imepigwa kwa uzito wa leo? Figo zimepimwa? Sindano zitaisha lini? Mtoto akipunguza mkojo, toa taarifa.

Usikatishe dawa kwa hofu. Maambukizi haya huua haraka. Na siku ya kuruhusiwa, uliza mtoto atapimwa masikio lini na wapi.