Waraka Sio Sheria

Makamanda, kuna jambo tunalipita haraka mno kwenye vikao vyetu vya vijana. Leo nalileta hapa, na najua wapo watakaonuna.

Januari 2017 nilikuwa naingia kidato cha tatu, kwetu Ubena, huku Chalinze. Tulipofungua shule wasichana tulipangwa mstari kama kawaida. Unapewa kikopo, unaingia chooni, mwalimu wa kike kasimama mlangoni. Kupima mimba. Wavulana wako uwanjani na mpira wao. Hakuna aliyetuuliza kama tunakubali, na sisi wenyewe hatukujua kama hilo ni jambo la kuulizwa. Siku ile jirani yangu wa dawati hakurudi darasani. Alikuwa na daftari langu la hesabu, nikalifuata kwao jioni. Mama yake akanitolea mlangoni, akaniambia, "Mwanangu, usije tena, watakuhesabu na wewe." Aliyempa mimba? Wazee walikaa, wakayamaliza. Na hapo kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu, kilichoongezwa mwaka 2016, kinasema miaka 30 jela.

Juni 22 mwaka huo huo Rais Magufuli, akiwa ziarani mkoani kwetu Pwani, alitangaza kuwa katika utawala wake hakuna mwanafunzi atakayepata mimba kisha akarudi shule. Nyumbani tulisikia redioni. Mjomba wangu, mpinzani kufa kuzikana, asiyemkubalia Magufuli hata salamu, alitikisa kichwa akasema, "Hapo kasema kweli." Sijamsahau. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba ubaya huu ulikuwa wa chama tawala peke yake.

Nilipofika chuo nikaitafuta hiyo sheria iliyomfukuza mwenzangu. Nikakuta ni Kanuni za Kufukuza Wanafunzi za mwaka 2002, Tangazo la Serikali Namba 295. Nimeisoma kanuni ya 4 mara nyingi: neno mimba halimo. Kilichomo ni "kosa dhidi ya maadili", na kuolewa au kuoa. Basi. Walimu wakuu wakaijaza mimba humo wenyewe, miaka nenda miaka rudi. Halafu cheki kichekesho: Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa. Mahakama Kuu ilisema 2016 kuwa hiyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakazia hapo hapo Oktoba 2019. Yaani sheria moja inakufungulia mlango wa ndoa, nyingine inakufungia wa shule.

Novemba 2021 ukaja Waraka wa Elimu Namba 2, wanafunzi waliokatiza masomo wakaruhusiwa kurudi. Nilikuwa ndio kwanza nimeanza chuo. Nikampigia mwenzangu nikiwa nimejaa furaha. Akacheka. "Nirudi kidato cha tatu nikae na watoto wa miaka kumi na tano? Na huyu wangu namwachia nani?"

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Kuruhusiwa kuingia getini sio sawa na kuwa na nafasi ndani. Anayenyonyesha anahitaji dakika ishirini na chumba cha staha. Anahitaji mwalimu asiyemtolea mfano mbele ya darasa. Anayeshindwa na hayo anaambiwa aende mfumo usio rasmi, asome kwa mtihani wa QT, na hapo elimu bila ada inaishia: ada ya mtihani juu yako, kituo juu yako, nauli juu yako. Wenzetu Kenya wana mwongozo wa kurudi shule tangu 1994, na Zanzibar walianza 2010. Nchi moja, bendera moja, msichana akivuka bahari anakuwa na haki nyingine!

Na waraka haufuti kanuni. Waraka ni barua ya kiongozi wa wizara, na kiongozi mwingine anaweza kuandika barua nyingine kesho asubuhi. Kamati ya Wataalamu ya Umoja wa Afrika kuhusu Haki za Mtoto iliikuta Tanzania na hatia mwaka 2022, ikaitaka pia iache kupima wasichana mimba kwa lazima. Kanuni hutungwa na waziri. Kuirekebisha hakuhitaji hata Bunge kukaa. Ni kalamu na Gazeti la Serikali tu. Hivyo atakayetuambia "mchakato unaendelea" anatufanya watoto.

Zitto Kabwe alipoiandikia Benki ya Dunia Januari 2020 isitishe mkopo wa elimu wa dola milioni 500, aliitwa msaliti, na mkopo ukapitishwa Machi 31. Wengine wetu tulimtetea kwa sababu ni mpinzani mwenzetu, sio kwa sababu ya wale wasichana. Kwenye magrupu yetu bado nasoma utani wa "mama fulani wa Form Three", na wanaocheka ni makamanda.

Nataka kanuni hiyo iandikwe upya, jambo hili liingie kwenye ilani kwa maneno yake kamili, na kila mgombea wetu wa Chalinze ajibu swali hilo jukwaani. Nitauliza mimi. Mwenzangu amesema atakuja kusikiliza, ila baada ya saa kumi, akishamaliza kuuza mahindi barabarani na kumpitia mwanawe, yuko darasa la kwanza.