Kompyuta ya Sebuleni Nayo Ina Mipaka

"Hii ni kompyuta ya nyumbani, nani atatuibia nini?" Dai hili nalisikia sana hapa Likuyani, kuanzia Matunda hadi Sinoko, na ndilo lenye madhara makubwa kuliko mengine. Mashine moja ya sebuleni hubeba hesabu za chama, nambari za vitambulisho vya wanachama, nakala ya hatimiliki ya shamba, alama za wanafunzi wa mama aliye mwalimu, na michezo ya watoto. Mtoto anayefuta folda ili apate nafasi ya mchezo si mwizi, ila hesabu za mwaka mzima zimekwenda. Kazi ya kwanza ya ruhusa za faili ni kuuzuia mkono usiokusudia ubaya.

Wanaoongeza kwamba mambo ya nyumbani hayaguswi na sheria waisome vizuri Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kwa mambo ya nyumbani, inachosamehe ni shughuli zilizo za kibinafsi au za nyumbani tu. Mweka hazina anayetunza nambari za vitambulisho vya majirani hawezi kujificha humo, hata kama anaandikia mezani kwake.

"Nimeweka nywila, yatosha." Nywila ipi, ile inayojulikana na nyumba nzima? Watu watano wakiingia kwa akaunti moja, kompyuta inamwona mtu mmoja. Kila mtu akiwa na akaunti yake ya kawaida katika Windows, nyaraka zilizo ndani ya folda yake ya mtumiaji hazifunguliwi na wenzake, wala hukuhitaji kurekebisha kitu. Angalia tu unapohifadhi: folda uliyoiunda moja kwa moja kwenye diski C, nje ya folda yako, kwa kawaida inaweza kubadilishwa na yeyote mwenye akaunti kwenye mashine hiyo. Wengi huweka kazi zao za maana papo hapo.

"Mwenye kompyuta lazima awe msimamizi." Awe na akaunti hiyo, naam, lakini asiitumie kila siku. Ukiwa msimamizi, programu mbovu inahitaji ukubali mara moja tu ndipo ifikie mfumo mzima. Ukiwa mtumiaji wa kawaida, itakwama ikidai nywila ya msimamizi. Faili zako mwenyewe bado inaweza kuziharibu, kwa hiyo nakala ya akiba haina mbadala.

Kuhusu kuificha folda, sina maneno mengi. Alama moja kwenye menyu huionyesha tena.

Ushauri unaoniudhi hasa ni huu: "Ikikuambia huna ruhusa, mpe kila mtu udhibiti kamili." Mafundi wengi huutoa kwa sababu tatizo hutoweka papo hapo, na mteja huondoka ameridhika. Lakini ujumbe ule una sababu. Mara nyingi hutokea baada ya Windows kuwekwa upya au diski kutolewa kwenye mashine ya zamani. Windows haimtambui mtu kwa jina bali kwa nambari ya utambulisho ya ndani ya akaunti. Hata ukijiita jina lilelile, kwake wewe ni mgeni. Dawa ni kuchukua umiliki wa folda ile moja na kuipa akaunti yako peke yake ruhusa. Ukiifungulia diski nzima ya C, umebomoa kinga ya mfumo, na kuirejesha kama ilivyokuwa ni kazi ngumu. Wenzetu wa Linux hufanya kosa lilelile kwa kuandika 777, yaani ruhusa zote kwa kila mtu.

"Nikishaifunga faili, imefungwa popote iendapo." Hapana. Flashi nyingi hutumia FAT32 au exFAT, mifumo isiyobeba ruhusa hizo kabisa. Ukipeleka faili saiba ya Matunda kuchapisha, yeyote atakayeishika flashi ataisoma. Diski nayo ikichomolewa na kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine, msimamizi wa huko ndiye mwenye amri. Hapo kinachokinga ni usimbaji, mathalani BitLocker, na ufunguo wake wa dharura uuandike na kuuweka pamoja na hatimiliki.

Leo jioni, kabla watoto hawajawasha mashine, wafungulie akaunti zao, na hesabu zako za chama uzihamishie ndani ya folda yako mwenyewe.