Karasha Zuri, Mawe Hayafiki

Ukifika Rwamgasa, mkoani Geita, utakuta mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya wachimbaji, hajisifii ukubwa wa injini peke yake. Anajua kwamba mashine ikisubiri bodaboda ilete kiroba kimoja kimoja kutoka duarani, yaani shimo la machimbo, itanguruma bure na kumaliza mafuta. Kwa hiyo mawe hurundikwa jirani kwanza, ndipo injini iwashwe.

Kompyuta, na simu iliyo mfukoni, ina karasha lake: prosesa. Duara lake ni kumbukumbu, ile RAM inayotajwa madukani. Prosesa za leo hupiga hesabu kwa mabilioni ndani ya sekunde moja, lakini zikilazimika kufuata data kwenye RAM zinaweza kupoteza mizunguko mia na zaidi zikisubiri tu. Data iliyokwisha kusogezwa kwenye akiba ndogo ndani ya prosesa yenyewe hupatikana kwa mizunguko michache. Tena, prosesa nyingi huchota kwa mafungu ya baiti 64: ukiagiza kiroba kimoja, kinakuja na majirani zake. Programu iliyopanga data kwa mfululizo hufaidi mzigo wote. Iliyozitawanya ovyo hutumia kiroba kimoja, vingine huvimwaga, kisha bodaboda inageuza tena kwenda duarani. Mashine ni ileile na kazi ni ileile, ila programu moja imemaliza na mwenzake bado inahema.

Jambo hili halizungumzwi kwenye vikao vya manunuzi. Mfumo ukikwama, jibu la kwanza ni kuomba kompyuta mpya. La pili, mtandao unasumbua. Aliyeandika programu haulizwi kitu.

Kuna wakati uvivu wa waandishi wa programu ulifichika. Mwaka 1965 Gordon Moore alitabiri kwamba idadi ya transista kwenye kipande kimoja cha silikoni itaendelea kuongezeka maradufu, na kwa miongo kadhaa mashine mpya zikawa zinabeba programu nzito bila mtu kushtuka. Hata hivyo, mwaka 1995 Niklaus Wirth, msomi wa Uswisi aliyebuni lugha ya Pascal, alilalamika kwamba programu zinanenepa kasi kuliko mashine zinavyopata nguvu. Miaka kumi baadaye joto likakwamisha mbio za prosesa, na watengenezaji wakaanza kuweka viini, yaani sehemu za kupigia hesabu, viwili, vinne, vinane ndani ya kipande kimoja. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya kiini kimoja huviacha vingine vimekaa kijiweni.

Mfano mzuri wa kifaa na programu kuelewana uko mikononi mwa wachimbaji wenyewe. Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini Tanzania mwaka 2008, simu za wengi zilikuwa vitochi. Menyu ya *150*00# haikudai simu janja wala bando. Kila ujumbe wake una nafasi ya herufi 182 tu. Simu huonyesha orodha na kurudisha tarakimu, hesabu zote zinafanyika kwenye seva. Mchimbaji wa Kakola anatuma pesa nyumbani kwa kitochi chenye kioo kilichopasuka, na inafika. Wapo wanaoiita teknolojia ya kimaskini. Wanakosea: huo ni usanifu wa mtu aliyekitazama kifaa kabla ya kuandika.

Hata matajiri wa Marekani walilazimika kujifunza hivyo. Mwaka 2013 wafanyakazi wa Facebook walikuja Afrika, wakaona programu yao ikizimika kwenye simu za bei nafuu na kula bando. Mwaka 2015 wakatoa Facebook Lite, ambayo mwanzoni haikufika hata megabaiti moja. Google nao walitangaza Android Go mwaka 2017, kwa simu zenye RAM ya gigabaiti moja au pungufu.

Basi halmashauri za Geita, Kahama na Shinyanga ziandike sharti la kukitazama kifaa kwanza ndani ya zabuni. Mfumo wa leseni, ushuru au vibali usipokelewe ukumbini, kwenye kompyuta mpakato mpya ya mzabuni na intaneti ya kasi. Upelekwe Rwamgasa saa nne asubuhi, ufunguliwe kwenye simu ya gigabaiti moja yenye mtandao wa kuyumbayumba. Ukikwama, mzabuni arudi nao, na hundi ibaki kwa mhasibu.