Mzazi aagwe kabla ya mwili wake kuagwa

Simu ikipigwa usiku kwamba mama amefariki Endabash, kufikia asubuhi mtoto aliyeko Arusha ameshaomba ruhusa kazini, wa Dar es Salaam amekata tiketi, na kundi la WhatsApp la ukoo limeanza kuhesabu michango. Nauli hupatikana. Turubai, masufuria na viti hupatikana. Siku ya mazishi watu wanapanga mstari kuaga mwili, na mmoja wa watoto analia kwa maneno mazuri ambayo mama hakuwahi kuyasikia.

Mama huyo aliumwa miezi minane. Katika miezi hiyo nauli haikupatikana.

Familia nyingi za Karatu na Ngorongoro zinaijua hali hii, na si kwa sababu watoto hawawapendi wazazi wao. Vijana wengi wa huku wanaongoza watalii au wanapika kambini Serengeti, na msimu wa wageni ukianza, ruhusa ni ngumu. Wengine wako kwenye vitunguu Mang'ola au wamehamia mijini. Ng'ambo ya lango la Lodoare, tangu 2022 baadhi ya familia zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na ndugu wengine wamebaki. Baba akiugua Endulen, kuna mtoto anayelazimika kuvuka mikoa ili amfikie.

Lakini umbali ni nusu tu ya sababu. Nusu ya pili ni woga. Kwenda kumuaga mtu ambaye bado anapumua huonekana kama kumchuria. Basi kila anayeingia chumbani anasema, "Utapona tu, mama," na mama, ambaye anajua mwili wake kuliko wote, anajibu, "Amina," ili asiwavunje moyo. Pande zote mbili zinafichana jambo ambalo kila mmoja analijua.

Padre haleti kifo

Woga huohuo humchelewesha padre. Wazee wengi walikua wakisikia habari za "mpako wa mwisho", na hadi leo kuna nyumba ambazo padre akionekana na mafuta, majirani wanaanza kuulizana kaburi litachimbwa wapi.

Kanisa lenyewe lilishaliweka sawa jambo hili. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema sakramenti hiyo inafaa zaidi kuitwa Mpako wa Wagonjwa, na kwamba si ya wale tu walio katika dakika za mwisho. Mwaka 1972 Papa Paulo VI alitoa utaratibu mpya wa kuiadhimisha. Mgonjwa anaweza kupakwa mafuta mwanzoni mwa ugonjwa mkubwa, kabla ya upasuaji mzito, au uzee unapomdhoofisha, na anaweza kupakwa tena hali ikibadilika.

Kuchelewa kuna gharama yake. Padre humpaka mgonjwa mafuta kwenye paji la uso na mikononi hata akiwa amepoteza fahamu. Lakini asiye na fahamu hawezi kuungama, na asiyeweza kumeza hawezi kupokea Komunyo ya mwisho, ile ambayo Wakatoliki huiita pamba ya njiani, chakula cha msafiri. Familia inayosubiri "mpaka azidiwe" inaweza kumnyima mzazi vitu viwili alivyovisubiri maisha yake yote.

Karatu iko katika Jimbo la Mbulu, na Ngorongoro katika Jimbo Kuu la Arusha. Huku na huku parokia ni kubwa, vigango viko mbali, na masika njia za udongo hazitabiriki. Kwa hiyo katekista au mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo aambiwe mapema, mgonjwa angali anaweza kukaa na kuzungumza. Jumuiya, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970, hazikuwekwa kwa ajili ya michango ya misiba tu. Rozari inayosaliwa kando ya kitanda cha mtu anayeweza kuitikia ina faraja ambayo ya matanga haina.

Na mara nyingi mgonjwa mwenyewe yuko tayari kuliko wanawe. Mwaka 2024, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi, Jenerali Venance Mabeyo, alisimulia hadharani kwamba Rais John Magufuli, siku aliyofariki, 17 Machi 2021, aliomba mwenyewe aitiwe paroko wake na Kardinali Polycarp Pengo, nao wakaja wakasali naye na kumpa sakramenti. Mzazi wa kijijini naye ana haki ya kuulizwa, "Baba, tukuitie padre?" Swali hilo ni heshima kwake.

Maneno yanayobaki kooni

Ira Byock, daktari wa Marekani aliyehudumia wagonjwa wengi wanaokaribia kufa, alifupisha katika kitabu chake cha 2004 mambo manne ambayo watu huhitaji kuambiana kabla ya kutengana: nisamehe, nimekusamehe, asante, nakupenda.

La nne ni gumu kwa nyumba nyingi. Wazee wengi hawajawahi kuambiwa na mtoto wa kiume kwamba anawapenda, na wakiambiwa leo huenda wakashtuka. Lakini kuna namna nyingine ya kulisema. "Baba, yule ng'ombe uliyemuuza ili nisome sekondari, sijamsahau." Au bila neno lolote: kumkata kucha, kumpaka mafuta miguuni, kumtoa nje aote jua la asubuhi.

La kwanza na la pili ndiyo yanayouma. Kuna mtoto aliyeondoka kwa hasira miaka kumi iliyopita, na kuna baba aliyetamka neno asilojua namna ya kulifuta. Mmoja wao lazima aanze, na mwenye nguvu za kutembea ndiye aanze. Mshenga, mzee wa ukoo au padre anaweza kutangulia kufungua njia.

Tena mzazi asifanywe mtu wa kuombewa tu. Apewe nafasi ya kubariki. Wairaqw wana slufay, baraka ndefu ambayo mzee huitamka na waliokusanyika wakaitikia kwa pamoja. Wamaasai nao hubarikiwa na wazee wao, huku wakiitikia "Naai". Mama Mkatoliki anaweza kumchora kila mwanawe na mjukuu alama ya msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba. Mtu aliyelala miezi mingi akioshwa na kulishwa, siku hiyo anakuwa tena mzazi mwenye kitu cha kutoa. Wahenga walisema radhi ni bora kuliko mali.

Kuhusu mali, siku ya kuaga isigeuzwe siku ya kugawana shamba. Wosia ni muhimu, tena uandikwe mapema mbele ya mashahidi. Lakini mzee akiona kila mtoto anayemsogelea anaulizia mipaka, atajua hawakuja kwa ajili yake.

Saa za mwisho

Mwili unapojiandaa kuondoka, mgonjwa hulala zaidi, hupoteza hamu ya kula, mikono na miguu hupoa, na pumzi huwa na vituo virefu. Kumlazimisha uji wakati huo kunaweza kumpalia. Kumlowanisha midomo kwa kitambaa chenye maji kunatosha. Maumivu yasivumiliwe kimya kimya: wahudumu wa afya waulizwe kuhusu tiba shufaa, ambayo kazi yake ni kupunguza mateso pale ugonjwa usipoponyeka. Kanisa linakubali dawa za maumivu, na halimlazimishi mgonjwa kupokea matibabu mazito ambayo hayamsaidii tena. Daktari akisema mzee arudi nyumbani na familia ikakubali, huko si kumtelekeza, mradi nyumbani kuna mtu wa kumshika mkono.

Watu waendelee kuzungumza naye. Utafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, uliochapishwa 2020, ulionyesha kwamba ubongo wa baadhi ya wagonjwa walio karibu kufa, wasioitikia tena, bado uliitikia sauti. Kwa hiyo mtoto aliyeko Msomera, au aliyeko Ndutu na wageni, hajachelewa kabisa. Simu iwekwe sikioni mwa mzazi. Mtandao ukisumbua, atume ujumbe wa sauti, nao uchezwe. Na magomvi ya nani alipe bili yapelekwe nje ya chumba.

Wajukuu nao wasifukuzwe. Mtoto mdogo aelezwe kwa maneno mepesi kwamba bibi anaumwa sana, na madaktari wanaona hatapona. Akiambiwa baadaye kwamba bibi "amelala", anaweza kuogopa kulala. Akiambiwa "amesafiri", atamsubiri. Aingie, asalimie, ashikwe kichwa, na akitaka kutoka kwenda kucheza, aachwe aende.

Kwa aliyechelewa

Wapo wanaosoma haya na mzazi ameshazikwa, na neno bado liko kooni. Kanisa Katoliki linaamini kwamba sala za walio hai huwafaa waliotangulia, ndiyo maana mwezi wa Novemba umetengwa kuwaombea marehemu. Nia ya Misa inaweza kutolewa wakati wowote. Anayebeba hatia anaweza kuipeleka kwenye kitubio badala ya kuitembeza miaka yote kifuani.

Halafu mara nyingi yuko mzazi mmoja aliyebaki. Anaamka peke yake alfajiri, anapika chai ya vikombe viwili kwa mazoea. Huyo haumwi, kwa hiyo hakuna anayemkimbilia. Kumwendea sasa hakumchurii. Atauliza umekuja na shida gani, atachinja kuku, na jioni atasimulia mambo ambayo hakuna mtoto aliyewahi kumuuliza.