Mathayo 17:21 haikuibwa

SAFU: KANISA NA JAMII
Na Eliakimu Msangi

Kuna ujumbe usiokufa katika makundi ya WhatsApp ya kwaya na ya vikundi vya maombi. Unatulia miezi kadhaa, kisha unaibuka tena kwa herufi kubwa: Wakristo amkeni, Biblia mpya zimeondoa mistari. Chini yake kuna orodha: Mathayo 17:21, Mathayo 18:11, Marko 9:44, Matendo 8:37, na mingine. Anayeupokea anafungua Biblia ya kwenye simu na kweli anakuta aya ya 20 inafuatwa na ya 22. Hofu inamwingia. Jumapili anamuuliza mchungaji, na mara nyingi anaambiwa tu kwamba ndizo nyakati za mwisho.

Siibezi hofu hiyo. Mtu huogopa kuguswa kwa Neno la Mungu kwa sababu analipenda. Ila jibu analopewa si la kweli, na limeanza kututenga. Nimemsikia mhubiri akiwakemea madhabahuni vijana walioshika Biblia ya Habari Njema, akiwaambia wanabeba kitabu cha adui. Vijana wale walikuwa wamekuja kusikia Injili.

Tuichukue hiyo Mathayo 17:21, maana ndiyo inayowauma wengi. Ni aya ya kusali na kufunga, pale wanafunzi waliposhindwa kumtoa pepo kwa kijana na Yesu akawaeleza sababu. Mikesha mingi ya nchi hii imesimama juu ya aya hiyo. Sasa ziache kando Biblia mpya. Chukua Union Version, ile yenye jalada jeusi uliyoachiwa na bibi, uitafute humo. Utaikuta, lakini imewekwa ndani ya mabano ya mraba. Geuza ukurasa hadi 18:11: mabano. Nenda Matendo 8:37, pale Filipo anapojibizana na towashi wa Kushi: mabano tena. Biblia hiyo ilitoka mwaka 1952. Kwa zaidi ya miaka 70 mabano hayo yamekaa mbele ya macho yetu, tukasomewa kipaimara nayo, tukahubiriwa nayo, na ni wachache waliouliza yamewekwa kwa nini.

Yaliwekwa kwa uaminifu. Watafsiri walitaka msomaji ajue kwamba maneno hayo hayamo katika nakala za mkono za zamani zaidi. Hatuna karatasi aliyoiandika Mathayo kwa mkono wake. Tulicho nacho ni nakala za nakala, maelfu kwa maelfu, na mbili kati ya zile kubwa za kale, Codex Vaticanus na Codex Sinaiticus, ni za karne ya nne. Katika Vaticanus aya ya 21 haimo. Katika Sinaiticus haikuandikwa na mwandishi wa kwanza; iliongezwa na msahihishaji wa baadaye.

Ilitoka wapi basi? Fungua Marko 9:29. Kisa ni kile kile, na Yesu anatoa jibu hilo hilo kuhusu maombi. Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba mnakili aliyekuwa akiandika Mathayo alikuwa na Marko kichwani, akaona habari haijakamilika, akaikamilisha. Hakuwa mwongo. Alikuwa muumini aliyetaka Injili mbili zipatane. Wala kufunga hakukutegemea aya hiyo peke yake, kwa maana Mathayo 6 inakufundisha wazi, na kanisa la Antiokia linafunga katika Matendo 13. Kwa hiyo anayesema Biblia mpya imefuta kufunga hajazisoma hizo sura nyingine kwenye Biblia hiyo hiyo anayoishutumu.

Najua nitajibiwa kwamba King James ya mwaka 1611 inayo aya hiyo bila mabano, na kwamba King James ndiyo kipimo. Wapo Wakristo, hasa Marekani, wanaoamini hivyo kwa dhati. Mchungaji Peter Ruckman wa Florida alifika mahali pa kufundisha kwamba Kiingereza cha King James kinaweza kuisahihisha hata Kigiriki. Mafundisho ya namna hiyo yamevuka bahari yakaingia katika baadhi ya makanisa yetu, na Mswahili wa Sumbawanga anaambiwa Biblia yake ipimwe kwa Kiingereza cha mfalme wa Uingereza.

Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Agano Jipya la King James lilitafsiriwa kutoka Kigiriki kilichochapwa na kuhaririwa mara nyingi, na mwanzo wake ni kazi ya Erasmus, msomi wa Rotterdam, aliyetoa toleo lake la kwanza huko Basel mwaka 1516. Erasmus alifanya kazi kwa haraka, akiwa na nakala chache za zama za kati. Kwa kitabu cha Ufunuo alikuwa na nakala moja tu, nayo ilikuwa imepungukiwa na aya za mwisho. Akachukua Kilatini akazitafsiri aya hizo kurudi kwenye Kigiriki, akapiga chapa. Na 1 Yohana 5:7, yale maneno ya mashahidi watatu wa mbinguni, hayakuwamo katika toleo lake la kwanza wala la pili. Aliyaingiza mwaka 1522, baada ya kulaumiwa na kuletewa nakala moja ya Kigiriki iliyokuwa nayo. Simsemi vibaya Erasmus. Kanisa zima lina deni kwake. Ila mtu anayejua habari hizi hawezi kusimama na kusema kwamba kila herufi ya toleo hilo ilishuka kutoka mbinguni.

Watafsiri wa King James wenyewe hawakudai hivyo. Katika utangulizi wao mrefu kwa wasomaji, ambao siku hizi wachapishaji wengi huuacha, walieleza kwamba hata tafsiri dhaifu ni Neno la Mungu, kama hotuba ya mfalme inavyobaki kuwa hotuba ya mfalme ikishatafsiriwa kwa Kifaransa au Kiholanzi, hata kama mtafsiri hakuwa na ufasaha. Pembeni mwa kurasa waliandika tafsiri nyingine zinazowezekana, pale walipokuwa na shaka. Na chapa yao ya 1611 ilikuwa na vitabu vya Deuterokanoni, vile vile ambavyo leo Mprotestanti akiviona ndani ya Biblia ya jirani yake Mkatoliki husema vimeongezwa.

Ugomvi huu ni wa kale kuliko Uprotestanti. Mwaka 403 Askofu Agustino alimwandikia mtafsiri Yeronimo kumweleza fujo iliyotokea Oea, mji ambao leo ni Tripoli ya Libya. Askofu wa hapo alikisoma kitabu cha Yona katika tafsiri mpya ya Yeronimo, na jina la mmea uliomtia Yona kivuli likawa tofauti na lile walilolizoea watu tangu utoto. Kanisa likachafuka, na askofu nusura abaki bila waumini. Agustino alitaka wabaki na tafsiri ya kale ya Kigiriki, ambayo wengi waliiamini kuwa na uvuvio wake wenyewe. Yeronimo alisimama upande wa Kiebrania. Hawakukubaliana, lakini hakuna aliyemwita mwenzake wakala wa shetani, na leo kanisa linawaita wote wawili watakatifu.

Ugomvi huo umefika hadi zama zetu. Mwaka ule ule wa Union Version, 1952, mhubiri mmoja wa Rocky Mount, North Carolina, alichoma moto ukurasa wa tafsiri mpya ya Kiingereza kwa sababu Isaya 7:14 haikusema bikira. Tafsiri hiyo hiyo ilikuwa imeliacha neno bikira mahali pake katika Mathayo 1:23.

Sisi Waswahili tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengi. Mmisionari Krapf alianza kutafsiri Mwanzo akiwa Mombasa mwaka 1844. Askofu Edward Steere na wenzake wakafanya kazi Unguja, wakatupa Biblia ya Kiunguja. Mombasa ikapata yake kwa Kimvita mwaka 1914. Kisha Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani, akatoa yake mwaka 1937, akijitahidi kuyaepuka maneno yenye asili ya Kiarabu. Ndiyo maana ikahitajika kamati ya kutuunganisha, na jina la Union Version likatoka humo. Biblia tunayoitetea leo kama ya mababu ilikuwa ngeni mikononi mwa mababu hao. Tukisema uvuvio umo ndani ya tafsiri yenyewe, itabidi tuseme pia kwamba Mkristo wa Magila wa mwaka 1920 hakuwa na Neno la Mungu. Nani atathubutu?

Uvuvio uliwashukia manabii na mitume. Mtafsiri anaombewa, anasoma, anafanya kazi, na kazi yake inapimwa. Nasema inapimwa kwa kukusudia, maana zipo tafsiri zilizopotoka na zinastahili kukataliwa. Zaidi ya miaka kumi iliyopita kulikuwa na mabishano makali kuhusu tafsiri kwa ajili ya Waislamu zilizoyakwepa maneno Baba na Mwana wa Mungu. Umoja wa Kiinjili wa Dunia uliunda jopo la wataalamu, na mwaka 2013 jopo likashauri maneno hayo yatafsiriwe kama yalivyo. Waliyapima kwa Kigiriki, wakatoa sababu, wakaziandika kila mtu azisome. Kukataa tafsiri kwa njia hiyo nakuheshimu. Kukataa kwa sababu ya ujumbe uliotumwa usiku bila jina la mwandishi, hapana.

Wachungaji wetu, jambo hili liko mikononi mwenu. Darasa la kipaimara na la ubatizo litenge saa moja ya kueleza Biblia ilitufikiaje, mabano ni nini, tanbihi iliyo chini ya ukurasa inasema nini. Vyuo vya theolojia visifanye Kigiriki na Kiebrania kuwa somo la kupita tu ili kupata cheti. Tunahitaji watoto wetu wenyewe wanaoweza kufungua nakala za kale na kusema kilichoandikwa, badala ya kungoja kusimuliwa na mabishano ya Marekani.

Nawe msomaji, ujumbe ule ukirudi, usiusambaze kwanza. Fungua Union Version yako, Mathayo 17:21, uyatazame mabano, umwonyeshe na aliyekutumia.